Mlango na Joto: Historia ya Mpaka wa Mbu katika Milima ya Usambara Ikilinganishwa na Uvamizi wa Samaki wa Bahari ya Shamu katika Mediterania, 1869–2008

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Novemba 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa rasmi, na bahari mbili zilizokuwa zimetengana kwa mamilioni ya miaka zikaunganishwa kwa mkondo mmoja wa maji ya chumvi. Chini ya miaka thelathini baadaye, daktari wa Kijerumani Robert Koch alipanda kutoka pwani ya Tanga hadi Kwai, katika Usambara Magharibi, kuchunguza kama kweli milima hiyo haikuwa na malaria. Si kawaida kuyakuta matukio haya mawili katika ukurasa mmoja. Makala hii inayaweka pamoja kwa sababu yote mawili yanazaa swali moja la kihistoria: kiumbe cha nchi ya joto kinapovuka mpaka na kuweka makazi upande wa pili, je, kimevuka kwa sababu mlango umefunguliwa, au kwa sababu upande wa pili wenyewe umepata joto?

Swali hili si la kinadharia kwa wakazi wa Mponde na vijiji vingine vya Bumbuli, vilivyo kati ya mashamba ya chai juu na nyika chini. Likijibiwa kwa neno "joto" peke yake, chanzo cha maradhi huhamia kwenye viwanda vya mbali ambavyo mkulima wa Usambara hakuvijenga. Likijibiwa kwa neno "mlango" peke yake, lawama humwangukia mkulima huyohuyo kwa kufyeka msitu, kulima bondeni na kushuka nyikani kutafuta riziki. Lawama ya namna hiyo ina historia ndefu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza, kupitia mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia Mlalo, ilimwona mkulima kuwa ndiye mharibifu wa mlima, na upinzani uliozuka dhidi ya matuta ya kulazimishwa umeelezwa kwa kina na Steven Feierman katika kitabu chake cha mwaka 1990. Kwa hiyo kupima uzito wa joto na uzito wa mlango ni kupima pia nani anawajibika.

Hoja ya makala hii ni kwamba majibu hayo mawili hayatenganishiki kirahisi, lakini mfuatano wa nyakati unaweza kuyatofautisha. Mlango una tarehe. Joto lina mwelekeo wa miaka mingi. Mwanahistoria anapoona muda mrefu kati ya kufunguliwa kwa mlango na kuenea kwa mgeni, hapo ndipo penye ushahidi wa kuchunguzwa.

2.0 Bahari: mlango uliokuwa na makomeo mengi

Mfereji ulipofunguliwa haukuwa njia nyepesi kwa samaki. Maziwa Machungu, yaliyo katikati ya njia, yalikuwa na tabaka nene la chumvi chini yake, na maji yake yalikuwa makali mno kwa viumbe wengi wa Bahari ya Shamu. Upande wa kaskazini, mafuriko ya kila mwaka ya Mto Nile yalimwaga maji baridi yasiyo na chumvi mbele ya Port Said. Kwa hiyo mgeni aliyenusurika chumvi nyingi alikutana na chumvi kidogo. Kadiri miaka ilivyopita chumvi ya maziwa iliyeyuka, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960, Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kuzuia maji, mafuriko ya Nile hayakuifikia tena bahari kwa nguvu ya zamani. Hapa kuna milango mitatu, na yote ilifunguliwa kwa mikono ya binadamu. Joto bado halijatajwa.

Wa kwanza kutulia upande wa pili walikuwa wachache. Samaki wa jamii ya tasi, ambao mvuvi wa Tanga au Pemba hahitaji kuelezwa, walitambuliwa katika pwani ya Palestina katika miaka ya 1920, na aina ya pili ya tasi ikafuata katika miaka ya 1950. Tasi hula mwani. Katika bahari ya kwetu huishi pamoja na washindani na maadui wengi, na kazi yake ni sehemu tu ya kazi kubwa. Katika miamba ya kusini mwa Uturuki alikuta mwani mwingi na washindani wachache, na maeneo yaliyokuwa na misitu ya mwani yakabaki mawe matupu. Mwaka 2003 alionekana katika Ghuba ya Gökova, Uturuki, bunju aitwaye Lagocephalus sceleratus, mwenye sumu inayoua mlaji asiyejua kumtayarisha, na meno yanayokata nyavu. Katika miaka michache akawa tatizo la wavuvi wa mashariki yote ya Mediterania.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Pterois miles, samaki wa mistari mwenye miiba ya sumu. Mmoja alinaswa karibu na pwani ya Israeli mwaka 1991, kisha zaidi ya miaka ishirini ikapita bila dalili ya kizazi. Mwaka 2012 akaonekana Lebanoni; mwaka uliofuata alikuwa Kupro, na kufikia 2016 alikuwa amefika Tunisia na Italia. Mfereji ulikuwapo mwaka 1991 kama ulivyokuwapo 2012. Kilichobadilika katika kipindi hicho ni maji yenyewe: mashariki ya Mediterania ilikuwa inapata joto tangu miaka ya 1980, na baridi ya majira ya kipupwe, ambayo ndiyo iliyowaua wageni wa ukanda wa joto au kuwazuia wasizae, ilizidi kulegea. Wataalamu wa bahari wanaliweka joto hilo miongoni mwa sababu kuu za kasi mpya ya uvamizi, ingawa hakuna anayelitaja bila mfereji. Samaki asiyefika hawezi kufaidi joto.

Kwa mwanahistoria wa Usambara funzo la sehemu hii ni la mbinu. Hesabu ya wageni haitoshi. Lazima kila mgeni aulizwe: ulifika lini, na uliweza kuzaa lini?

3.0 Shambaai na nyika

Mlimani mambo yamebanana zaidi. Baharini, kupata tofauti ya nyuzijoto sita huhitaji kusafiri mamia ya kilomita kaskazini au kusini. Katika Usambara hupatikana kwa kupanda takriban mita 1,000, safari ya saa chache kwa miguu. Mpaka wa joto uko karibu na kila nyumba, na Wasambaa waliujua kabla ya kipimajoto. Feierman, katika utafiti wake wa ufalme wa Wasambaa uliochapishwa mwaka 1974, anaonyesha kuwa Wasambaa waliitofautisha nchi yao, Shambaai, na nyika kwa misingi ya mwinuko, mimea na afya: huku juu ni mahali pa migomba na mvua, kule chini ni mahali pa ukame, hatari na magonjwa. Ufalme wa Kilindi, ambao mmisionari Krapf aliutembelea mwaka 1848 akakutana na Kimweri huko Vugha, ulikuwa na kitovu chake juu ya mpaka huo.

Koch alipofika Kwai mwishoni mwa karne aliukuta ujuzi huu ukiwa hai. Aliandika mwaka 1898 kwamba watu wa mlimani wakishuka tambarare walirudi wakiwa na homa, na kwamba homa hiyo waliiita *mbu*, kwa jina la mdudu, kwa kuwa walisema ndiye aliyewaletea. Ikumbukwe kuwa Ronald Ross alikuwa ameona vimelea ndani ya mbu huko Secunderabad mwezi Agosti 1897 tu, na ushahidi kamili wa njia ya maambukizi kwa binadamu ulikuwa bado unatafutwa. Mtu anaweza kujiuliza ingekuwaje kama kauli ya Wasambaa ingechukuliwa kama dhana ya kisayansi na si kama simulizi ya kuvutia ya wenyeji. Koch mwenyewe alivutiwa zaidi na hitimisho lililowafaa waliomtuma: kwamba nyanda za juu za Usambara zilikuwa salama kwa Wazungu kuishi.

Hapa inafaa kueleza mpaka huo hufanyaje kazi, maana maelezo yake yatahitajika mbele. Kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, lazima kikomae ndani ya mbu kabla ya kuambukiza. Ukomavu huo hutegemea joto. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wa wadudu, kwenye nyuzijoto 25 za sentigredi huchukua siku 12 hivi. Kwenye nyuzijoto 20 huchukua karibu siku 28. Kwenye 18 hufikia siku 55, na chini ya 16 husimama. Mbu wa Anopheles kwa kawaida haishi muda mrefu hivyo. Kwa hiyo kati ya nyuzi 18 na 20 kuna pengo dogo la joto, lakini ni pengo kati ya mbu anayekufa kabla ya kimelea kukomaa na mbu anayeweza kuua mtoto. Ongezeko la nyuzi moja tambarare halibadilishi mengi. Ongezeko hilohilo katika kijiji cha mpakani hubadilisha karibu kila kitu. Na watu wa mpakani, kwa kuwa hawakuzoea kuumwa mara kwa mara, hawana kinga ya mwili waliyo nayo watu wazima wa nyikani. Mlimani malaria huua watu wazima pia.

4.0 Reli, mashamba na msumeno

Milango ya mlima ilifunguliwa kwa haraka baada ya Koch. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo, chini kabisa ya mteremko wa Lushoto, mwaka 1905. Mashamba ya mkonge ya nyikani yalihitaji vibarua, na vijana wa mlimani walishuka na kupanda, safari hii si kwa siku moja ya soko bali kwa miezi. Damu iliyobeba vimelea ilipanda kila mwisho wa mkataba. Juu, misitu ilikatwa kwa ajili ya kahawa, kwinini, chai na mbao. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika Usambara Mashariki, mimea ya kigeni ilipandwa kwa mamia ya aina.

Mmojawapo wa miti hiyo unastahili kutajwa kwa sababu unaonya. Maesopsis eminii, unaoitwa musizi kule Uganda, uliletwa Amani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa miongo kadhaa haukuwa tishio. Ukataji wa mbao kwa mitambo katika miaka ya 1970 na 1980 ulipofungua mapengo makubwa katika msitu, mti huo ulienea kwa kasi, mbegu zake zikisambazwa na hondohondo, hata watafiti wa miaka ya 1980 wakahofia kuwa ungeimeza sehemu kubwa ya msitu wa asili. Nao pia ulisubiri, kama yule samaki wa mistari. Ila alichokisubiri mti huu hakikuwa joto la dunia. Ulisubiri msumeno. Mtafiti anayekuta pengo la muda kati ya kuwasili na kuenea, akaharakisha kulijaza kwa neno "tabianchi", atakosea Amani.

Malaria ya Amani yenyewe inaonyesha ugumu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kituo cha malaria cha Afrika Mashariki kilihamishiwa Amani kutoka Muheza, na kutoka huko wataalamu walisimamia mradi wa Pare–Taveta wa 1954 hadi 1959, uliopulizia majumba dawa ya dieldrin. Mahali palipochukuliwa kuwa na malaria kidogo pakawa makao ya waliopambana nayo. Lakini mwaka 1987 Matola, White na Magayuka walichapisha makala iliyoonyesha kwamba sura ya malaria na maambukizi yake Amani imebadilika, na ufyekaji wa msitu ulikuwa miongoni mwa sababu walizozizingatia.

Msitu unapofyekwa jua hufika ardhini, madimbwi hupata joto, na mabuu ya Anopheles gambiae, ambaye hupenda maji yaliyo wazi juani, hukua upesi. Nyumba nazo hupata joto zaidi. Utafiti wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, umeonyesha jambo hilohilo: vijiji vilivyo kando ya mabonde ya mafunjo yaliyogeuzwa mashamba vilikuwa na joto zaidi kuliko vilivyo kando ya mafunjo ya asili. Kwa hiyo ule mgawanyo wa mlango na joto, ambao baharini ulisaidia, hapa unaanza kulegea. Kuna joto la dunia na kuna joto la kijiji, na hilo la pili lina historia ya jembe na shoka. Bonde linalolimwa mboga karibu na Mponde ni mlango na ni joto kwa wakati mmoja.

5.0 Mwaka wa Elnino

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za Elnino ziliinyeshea Afrika Mashariki kwa wingi usio wa kawaida, na mwaka 1998 ulifuata ukiwa na joto kubwa. Tukio hili ni la thamani kwa makala hii kwa kuwa liligusa bahari na mlima kwa pamoja, na matokeo yake hayakufanana.

Baharini, kati ya Machi na Mei 1998, matumbawe ya pwani ya Tanzania yalipauka. Joto la maji lilipanda kupita uwezo wa matumbawe kuvumilia. Yalipoteza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, na mengi yakafa. Maeneo ya Mafia na ya kisiwa cha Misali karibu na Pemba yaliathirika sana. Huko joto lilikuwa ndilo muuaji, bila haja ya mlango wowote.

Mlimani wengi wangetarajia mlipuko wa malaria. Kabale ulitokea. Katika Usambara Magharibi, Lindsay na wenzake, wakiwemo watafiti wa Amani, walichapisha mwaka 2000 matokeo yaliyokwenda kinyume: mvua zilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida, lakini malaria ilipungua ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba maji mengi huenda yalifagia mabuu kutoka katika mazalia yao kwenye miteremko. Elnino moja, milima miwili, majibu mawili. Mwandishi anaona kuwa makala hiyo fupi inapaswa kusomwa na kila anayetaka kuandika sentensi inayoanza kwa "mabadiliko ya tabianchi yamesababisha".

Picha kamili zaidi ilitolewa mwaka 2003 na Bødker na wenzake, waliokamata mbu katika vijiji sita kutoka tambarare hadi nyanda za juu za Usambara. Maambukizi yalipungua kwa zaidi ya mara 1,000 kati ya kijiji cha chini na cha juu kabisa. Muhimu zaidi kwa hoja yetu ni majira. Tambarare, maambukizi yaliendelea mwaka mzima na kufikia kilele baada ya masika, mbu walipokuwa wengi. Juu, majira ya mbu wengi yalikuwa pia majira ya baridi, na vimelea havikuweza kukomaa. Malaria iliambukizwa wakati wa kiangazi chenye joto, mbu wakiwa wachache. Mbu basi walikuwa wamekwishafika. Kilichowalinda watu wa juu ilikuwa kutolingana kwa kalenda mbili, ya maji na ya joto. Baridi ya baada ya masika ikilegea kwa nyuzi moja au mbili, kalenda hizo zitakutana, kama kipupwe cha Mediterania kilivyolegea kwa Pterois. Huu ndio ufanano halisi wa bahari na mlima, nao ni finyu kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni mwa utafiti huu.

6.0 Kericho, na ushahidi wa Korogwe

Mjadala wa kama joto hilo limekwisha kupanda ulifanyika zaidi kwa takwimu za Kericho, Kenya, ambako hospitali za mashamba ya chai ziliweka daftari za wagonjwa kwa miaka mingi mfululizo, hazina ambayo mwanahistoria wa Usambara huitazama kwa kijicho. Mwaka 2002 Hay na wenzake walidai kwamba tabianchi ya nyanda hizo haikubadilika kiasi cha kueleza kurudi kwa malaria, na wakaelekeza macho kwenye usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mwaka 2006 Pascual na wenzake, kwa kurefusha takwimu za joto hadi 2002, walikuta mwelekeo wa kupanda tangu 1950. Madai yote mawili yanaweza kusimama. Usugu wa klorokwini nao ni mlango wa aina yake.

Ushahidi wa Usambara wa miaka iliyofuata unaliongezea swali uzito kwa njia isiyotarajiwa. Mmbando na wenzake walipima watoto na vijana katika vijiji vya Korogwe, vya tambarare na vya mteremko wa mlima. Tambarare, waliokutwa na vimelea walishuka kutoka takriban asilimia 78 mwaka 2003 hadi 13 mwaka 2008. Vijiji vya juu vilishuka kutoka asilimia 25 hivi hadi 3. Vyandarua vyenye dawa na tiba mpya vilienea katika miaka hiyohiyo, na hakuna aliyedai kwamba Korogwe ilipoa. Mpaka ambao Koch aliusikia Kwai, wa watu wazima wa nyika waliozoea homa na watu wa Shambaai wasioizoea, ulikuwa unafutwa kutoka chini. Kijana wa tambarare aliyepimwa mwaka 2008 alikuwa na uwezekano mdogo wa kukutwa na vimelea kuliko kijana wa mlimani aliyepimwa miaka mitano kabla yake, na kadiri anavyokua bila kuumwa, kinga yake nayo inafanana zaidi na ya mtu wa Mponde.